Kiboko Alivyopimiwa Mto Wake

"Maji hayo!"

"Yaje!"

"Yanatoka wapi?"

"Milimani!"

"Yanakwenda wapi?"

"Baharini!"

"Na hapa kwetu katikati yanaacha nini?"

"Tope na uongo!"

Haya. Kaeni vizuri. Dungu hili la kulindia shamba nguzo zake zimechoka, mkichezacheza humu juu tutajikuta wote chini kwenye mpunga. Ngwali, shika debe. Zamda, ukiona ndege wametua piga kelele, usiniulize kwanza. Kuna watu wanasema anayesimulia ngano mchana anaota mkia. Mimi Somoe nimesimulia mchana tangu mama zenu wakiwa vibogoyo, na mkia sina. Ngwali, nimesema sina, acha kutazama!

Basi hapo zamani, wanyama walikuwa wakilima kama sisi.

Na mto ulikuwa huuhuu wetu, Rufiji, na tabia zake hizihizi. Mnaujua. Huko juu unakuja na haraka, unagombana na mawe. Ukifika huku bondeni unakuta nchi tambarare, unalegea. Unapinda kushoto, unapinda kulia, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Masika unafurika, unaingia mashambani mwa watu bila hodi, unalala humo. Ukiondoka unaacha tope. Na tope hilo ndilo linalotulisha. Mvua ikiisha tunapanda juu yake mahindi, maboga na kunde, na vinaota bila tone la mvua. Ndiyo mlau huo. Wanyama nao walilima mlau.

Mashamba yao yalikuwa ndani ya kizingo. Kizingo ni pale mto unapojipinda. Huo ulijipinda ukazunguka, ukazunguka, mpaka ukakaribia kujigusa mgongo. Nchi iliyobaki katikati ilikuwa kama kichwa cha mtu, na shingo nyembamba tu ndiyo iliyoiunganisha na nchi nyingine. Pande zote zilizobaki ni maji. Na ndani ya maji, Kiboko.

Kila mahindi yalipotoa ndevu, Kiboko alipanda kutoka majini. Gubu! Gubu! Gubu! Akasimama katikati ya shamba na tumbo lake, akauliza:

"Mto wa nani?"

"Wako, bwana."

"Maji ya nani?"

"Yako, bwana."

"Tope la nani?"

"Lako, bwana."

"Na kilichoota kwenye tope langu?"

Naye hakungoja jibu. Kwacha! Kwacha! Kwacha! Bua, gunzi, boga na jani lake. Kumfukuza nani amfukuze? Mwizi ukimpigia kelele anakimbia. Huyu alikuwa akijiona mwenye mali, na mwenye mali hakimbii.

Mwaka mmoja alikula mpaka akamaliza. Hakubakiza hata hindi la kunyonya. Kijiji kizima cha wanyama kilibaki na mbegu kidogo tu, na mbegu hizo zilikuwa mashavuni mwa Bi Buku.

Panya buku mnamjua, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya kubebea vitu. Bi Buku alikuwa mjane, na watoto wengi, na maneno mengi. Siku Kiboko alipokuwa anamaliza shamba, yeye alipita nyuma yake akiokota punje zilizomdondoka mdomoni. Mahindi akayatia shavu la kulia, mbegu za maboga na kunde shavu la kushoto. Tangu siku hiyo hakuzitoa. Alilala nazo, akaamka nazo, akagombeza watoto nazo. Mbegu zile zikipotea, hakuna mlau. Mlau usipokuwepo, kijiji ndiyo basi.

Kiboko akamwona amevimba.

"Wewe, una nini mashavuni?"

"Majipu, bwana."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, bwana. Jino la huku limeoza, la huku limelionea wivu."

"Fungua mdomo nione."

Bi Buku akasogea karibu kabisa na pua ya Kiboko, akaanza kufungua mdomo polepole, akasema, "Haya, bwana, ila jipu la kulia limeiva. Likipasuka usaha unaruka mbali. Jana ulimwingia Ngedere jichoni."

"Funga! Funga mdomo wako, mchafu wewe!" Kiboko akarudi kinyumenyume mpaka majini. Jubwi!

Wanyama wakakutana. Ngedere, ambaye ana mdomo mwingi kuliko mikono, akasema tumpige. Wakamwuliza utaanzia wewe? Akasema yeye ana jicho bovu. Korongo, mwenye miguu mirefu na maringo ya wasafiri, akasema tuhame. Wakamwuliza twende wapi? Akasema yeye ana mabawa, hilo swali halimhusu.

Bi Buku akasema, "Tumpe mto."

"Eti?"

"Tumpe. Si anasema ni wake? Tumpe kwa desturi. Tuzunguke naye, tupande minyaa, tule kiapo."

Wote wakamtazama kama amepatwa na homa.

Sasa nyie watoto wa shule mnapima mashamba kwa kamba na karatasi, kwa hiyo nawaeleza. Huku kwetu mtu akipewa shamba, majirani wote wanatoka. Wanazunguka naye. Kila kona inachomekwa tawi la mnyaa, ule mti wa utomvu unaoshika hata ukichomekwa kichwa chini. Kisha mwenye shamba anaapa mbele ya watu: ndani changu, nje si changu. Akiapa, imekwisha. Akivunja kiapo, siku akifa hazikwi na mtu. Na jambo moja kila mtu wa bondeni analijua tangu tumboni mwa mama yake. Shamba unalipandia minyaa. Mto huupandii. Mwulize mtu yeyote hapa, atakucheka.

Lakini Kiboko hakuwa mtu wa kuuliza.

Bi Buku akamwambia Korongo, "Wewe umeruka kote. Kesho akikuuliza habari za mto, usimdanganye hata kidogo. Mweleze ulivyo, basi."

Kesho yake wakaenda. Kiboko aliposikia anapewa mto kwa desturi, kwa kiapo, na mashahidi, alifurahi mpaka maji yakamtoka puani. Pfuuu!

"Hatimaye mmepata akili. Nataka wote. Kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Wote ni wako, bwana," akasema Bi Buku na mashavu yake. "Tuanze kupanda minyaa mwanzoni. Korongo, mto unaanzia wapi?"

Korongo akakohoa. "Hapo sasa. Hauanzi mahali pamoja. Uko Kilombero, unatoka upande wa milimani, una madimbwi mapana mpaka jicho linachoka. Uko Luwegu, unatoka kusini. Hiyo inakutana, ndipo ukaitwa Rufiji. Halafu Ruaha nao unakuja kutoka mbali kabisa, nchi ya baridi, unajiunga."

"Na huko nako nipande minyaa?" akauliza Kiboko.

"Nako, bwana."

"Kwa miguu hii?"

"Kwa miguu hiyohiyo, bwana."

Kiboko akaitazama miguu yake. Ilikuwa minne, lakini mifupi.

"Hapo katikati pakoje?"

"Hapo mto unabanwa na majabali," akasema Korongo. "Kulia jabali, kushoto jabali. Maji yanapita ubavu ubavu, yananguruma mpaka ndege tunapita juu zaidi. Mwenye nyonga pana akiingia, sijui."

Kiboko akazitazama nyonga zake.

"Basi tuanzie chini. Chini kukoje?"

"Chini mto unagawanyika. Mdomo huu, mdomo ule, siwezi kuhesabu, kila mmoja unaingia baharini kwa njia yake. Kote mikoko, mizizi imesimama juu kama vidole. Na bahari nayo ikijaa inarudi mtoni, maji yanapanda badala ya kushuka. Ni ya chumvi. Papa anakuja nayo."

"Na huko nako nipande minyaa?"

"Kila mdomo, bwana."

"Kwa miguu hii?"

"Kwa miguu hiyohiyo. Na chumvi inauma mwenye michubuko."

Kiboko akafikiri, na kwa yeye kufikiri ilikuwa kazi, masikio yalikuwa yanazunguka. Mwisho akasema, "Mto ni nini? Mto ni kilindi. Kilindi kiko wapi? Hapa kwangu kwenye kizingo. Hayo mengine ni mikia mikia tu. Pandeni hapa!"

"Hapa tu, bwana?" akasema Bi Buku. "Usije ukasema tumekupunja."

"Hapa! Na mpande imara, kusije kukatokea mjanja akausogeza!"

"Imara kabisa, bwana."

Wakazunguka kizingo chote. Ngedere anakata matawi, Bi Buku anachimba kishimo, Korongo anachomeka kwa mdomo, chwaka! Ukingo wa nje, chwaka, chwaka, chwaka. Ukingo wa ndani, chwaka, chwaka, chwaka. Kiboko mwenyewe akipita nyuma, anasukuma kila tawi kwa pua kuona kama limeshika. Lililolegea analipigia kelele. Hakuna mtu aliyewahi kusimamia kazi vile.

Kisha akaapa. Aliapa kwa sauti mpaka vyura wakanyamaza.

"Ndani?"

"Changu!"

"Nje?"

"Si changu!"

"Na ukivunja?"

Hapo alisita kidogo. Alijua uzito wake. Asipozikwa na wanyama wote kwa pamoja, nani mwingine angeweza kumbeba? "Nikivunja nisizikwe," akasema. Wanyama wakapiga vigelegele, ila Ngedere, ambaye bado alikuwa hajaelewa, alikuwa analia.

Jioni Bi Buku akawakusanya watoto wake pale kwenye shingo ya ile nchi. Upande huu unausikia mto unaingia kwenye kizingo. Upande ule unausikia unatoka. Katikati ni mwendo wa kutupa jiwe.

"Chimbeni," akasema. "Kutoka huku mpaka kule."

Kwaru-kwaru-kwaru. Panya buku kuchimba ndiyo kazi aliyoumbiwa, lakini udongo wake huwa anautoa kwa mashavu, na mashavu ya Bi Buku yalikuwa yamejaa. Ngedere akajitolea kumshikia mbegu.

"Nikushikishe wewe mbegu?" akasema Bi Buku. "Bora nimpe Kiboko, yeye atakula kwa adabu."

Basi akachimba na mbegu mdomoni, udongo anausukuma kwa makalio. Aliumia. Mashavu yalichubuka kwa ndani, akawa halali vizuri, na hata uji wa watoto hakuweza kuuonja. Mimi nikifika hapa huwa namwonea huruma, ingawa panya buku mmoja amenimalizia karanga juzi. Siku zikaenda, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milimani, na shimo lilikuwa bado halijafika ng'ambo.

Kwaru-kwaru-kwaru.

"Nani anakwaruza huko chini?" Kiboko akaita kutoka majini.

"Ni mimi, bwana! Nasaga meno. Majipu hayajapona!"

"Saga polepole, mwenye mto amelala!"

Kwaru... kwaru... kwaru.

Mvua ikaanza. Siku ya kwanza wanyama wakapanda madungu yao. Maji yakaja mekundu, yamebeba magogo na majani ya nchi ambazo hatuzijui. Kilombero umo, Luwegu umo, Ruaha umo. Kiboko akatandaza tumbo katikati ya kizingo akaimba:

"Mto wa nani? Wangu! Maji ya nani? Yangu! Tope la nani? Langu!"

Na chini ya shingo ile, Bi Buku alikuwa bado anachimba. Watoto wamekwisha panda dunguni, wanamwita. Maji yanamfuata nyuma, yamefika tumboni. Akapiga meno mara ya mwisho, taa! Akaona mwanga wa upande wa pili. Akachomoka, akapanda dunguni amelowa, amefumba mdomo, anatetemeka.

Maji yakaona tundu. Yakachungulia. Glu.

Glu-glu.

Glu-glu-glu-glu... GHUBUUUUM!

Shingo nzima ikaporomoka. Mto, ambao miaka yote ulikuwa unazunguka kizingo kwa uvivu, ukaona njia fupi. Nani akiona njia fupi anazunguka? Ukapita moja kwa moja, shwaaaa, ukatanua tundu la panya likawa mlango, mlango ukawa mto. Wanyama wakashangilia mpaka madungu yakayumba.

Kiboko hakusikia. Alikuwa anaimba.

Masika yakaisha, maji yakarudi chini. Tope lilikuwa limeziba kizingo huku na huku, maji hayaingii, hayatoki. Mwanzo Kiboko alioga vizuri tu. Jua likawaka. Maji yakashuka yakafika mabegani. Jua likawaka. Yakafika tumboni. Jua likawaka. Yakafika magotini, na magoti ya Kiboko mnajua hayako juu sana. Ngozi ikaanza kupasuka mgongoni. Minyaa peke yake ndiyo iliyonawiri, pande zote mbili, imesimama safi kama ilivyopandwa.

"Buku! Mto wangu uko wapi?"

"Umo ndani ya minyaa, bwana."

"Ndani ya minyaa kuna tope!"

"Tope la nani, bwana?"

Kule ng'ambo Kiboko alikuwa anausikia mto mpya unapita, shwaa, shwaa, maji baridi, yanakwenda zake baharini. Akanyanyua mguu aruke minyaa. Wanyama wote walikuwa wamekaa kwa mstari wanamtazama. Korongo akakohoa.

"Ndani?" akauliza Korongo.

"Changu," akasema Kiboko.

"Nje?"

Nzi tu. Mguu uko juu.

"Nje, bwana?"

"...Si changu," akasema Kiboko, na mguu ukashuka.

Alilia, wanangu. Alilia kweli, na mimi sipendi kumcheka anayelia, lakini hapo huwa nacheka. Baadaye akasema neno ambalo halijawahi kutoka kwenye mdomo ule mkubwa.

"Hodi."

"Hujambo, mgeni," akasema Bi Buku. "Una shida gani?"

"Naomba mahali pa kuoga."

"Utaoga mtoni kama wengine?"

"Kama wengine."

"Utamwita nani mwenye mto?"

"Sitamwita mtu."

"Na hiki kiwanja chako chenye minyaa? Huwezi kuwa na huku na kule."

Kiboko akaligeukia lile tope. Lilikuwa bichi, jeusi, nene, limejaa kizingo chote kutoka ukingo huu mpaka ule, lakini yeye aliona tope tu. "Lichukueni," akasema. "Lina faida gani?"

Wakang'oa tawi moja la mnyaa, akapita. Alipokuwa anapita, Bi Buku akainama juu ya tope, akafungua mdomo. Shavu la kulia, pwa! Mahindi. Shavu la kushoto, pwa! Maboga na kunde. Mashavu yakalegea, yakaning'inia kama mifuko ya kanzu.

Kiboko akasimama, akakodoa macho.

"Kumbe hayakuwa majipu?"

"Yamepasuka, bwana," akasema Bi Buku. "Rudi nyuma, usije ukarukiwa."

Mwaka ule mlau ulikuwa mlau. Maboga yalikuwa hayabebeki, yanasukumwa.

Na Kiboko je? Tangu siku hiyo mchana kutwa yuko majini, ametoa macho na pua tu, haya inamshika. Njaa ikimzidi anakuja mashambani kuiba, hilo sikatai, ndiyo maana dungu hili halilali, mchana ndege, usiku yeye. Lakini anakuja kama mwizi. Ngwali akipiga debe hivi, hebu lipige... Mnaona? Akisikia hivyo anakimbia. Zamani, alipokuwa mwenye mto, hata ungepiga madebe ya wilaya nzima asingegeuza shingo. Hiyo ndiyo kazi aliyotufanyia Bi Buku, alimshusha cheo akawa mwizi.

Fundisho? Ngano ina fundisho, lazima. Sikilizeni. Fundisho ni kwamba watoto wasichimbe mashimo kando ya mto, ni uharibifu. Pia wasiongee wakiwa na chakula mdomoni. Na juu ya yote, mkubwa akidai kitu, msibishane naye, mpeni.

Unasemaje, Zamda? Bi Buku alichimba? Bi Buku alikuwa mtu mzima, ana watoto. Aliongea na chakula mdomoni? Hakikuwa chakula, ilikuwa mbegu. Na alimpa mkubwa alichodai au hakumpa? Alimpa! Alimpimia na kona zote. Kwa hiyo nyamaza, tumalize.

"Maji hayo!"

"Yamepita!"

"Yamepitia wapi?"

"Njia fupi!"

"Yameacha nini?"

"Tope na uongo!"

"Uongo wa nani?"

"Wako, bibi!"

"Na tope?"

"Letu!"

Ndege hao, Zamda! Ndege! Piga debe, Ngwali!